Plota ya Msasani Kwenye Maji ya Kilombero

Boksi lilikuwa la soda, limefungwa kamba ya katani, na kondakta wa basi alilisukuma chini ya kiti bila kuuliza kilichomo. Ndani mlikuwa na plota ya ramani yenye skrini ya inchi tano, kipimakina na sensa yake iliyoviringishiwa waya mweusi, pamoja na GPS ya mkononi ambayo vitufe vyake vya mpira vilishaanza kunata. Vyote vilikuwa vimeng'olewa kwenye boti ya matanga iliyotia nanga Msasani, Dar es Salaam. Mwenye boti, mstaafu wa Kizungu anayeizunguka Bahari ya Hindi taratibu, alikuwa amenunua vipya na hakutaka kuviona tena vya zamani. Fundi aliyemfungia hivyo vipya ni mzaliwa wa Ifakara. Aliviomba, akapewa, na mwanzoni mwa Julai 2025 akavipakia kwenye basi la kwenda kwao. Nilipanda naye, maana nilitaka kuona vyombo vya baharini vitafanya nini mtoni.

Barabara ya kwenda Ifakara siku hizi haina visa vingi. Ukiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi unashuka hadi Kidatu kwenye mashamba ya miwa, unavuka Ruaha Mkuu, kisha Milima ya Udzungwa inakaa mkono wa kulia kwa muda mrefu, kijani iliyokolea, ukungu ukiwa haujapanda. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ambacho miaka nenda rudi kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, sasa ni lami. Reli ya TAZARA inatokea, inapotea, inatokea tena Mang'ula. Fundi hakuangalia dirishani. Alikuwa anaeleza kwa nini watu hubadilisha vifaa vya boti, na kwa nini wengi wao hubadilisha visivyohusika.

Mtu anaona skrini imefifia, ananunua skrini. Kumbe ugonjwa uko kwenye waya. Hewa ya chumvi hupenya ndani ya ganda la plastiki na kuila shaba polepole, mpaka inakuwa nyeusi au kijani. Fundi hukata kipande, akamenya, akakuta weusi; anakata tena, anamenya tena, mpaka aifikie shaba inayong'aa. Kwenye ile boti ya Msasani alikata karibu urefu wa mkono mzima kwenye waya wa antena kabla ya kuona mng'aro. Ndiyo maana waya wa baharini wenye ubora hupakwa bati nyuzi zote kabla ya kufunikwa, na ndiyo maana bei yake humkohoza mwenye boti.

Jambo la pili ni mazungumzo kati ya kifaa na kifaa. Vya zamani hufuata kanuni ya NMEA 0183, iliyotolewa Marekani mwaka 1983: msemaji mmoja, wasikilizaji kadhaa, biti 4,800 kwa sekunde. Kila ujumbe ni mstari wa herufi na namba unaoanza kwa alama ya dola, na mtu mwenye subira anaweza kuusoma kwa macho akajua boti iko wapi. Vipya hufuata NMEA 2000, ambapo vyombo vyote huunganishwa kwenye waya mmoja mkuu na kuongea kwa biti 250,000 kwa sekunde. Ukitaka cha zamani kielewane na kipya lazima uweke kisanduku cha kutafsiri katikati, na kisanduku hicho ndicho hufa kwanza. Hilo la mwisho ni neno la fundi, naye amezika vingi.

Kwa hiyo mwenye boti alishauriwa abadilishe vyote kwa pamoja, waya kwanza. Akakubali. Plota ikabaki nzima kabisa, haina mahali pa kufanya kazi.

Ifakara ni mji wa mchele, wa baiskeli, wa bajaji zinazopiga honi bila hasira. Mto wenyewe uko kilomita chache kusini. Kilombero hukusanya maji ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi, Ruipa na vijito visivyohesabika vinavyoporomoka kutoka Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande mwingine, kisha unakutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shuguli, na kuanzia hapo unaitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka bonde hili. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, inaishi kwa hisani yake. Tambarare inayofurika ina urefu wa kilomita zaidi ya 250, na mahali pengine upana wake hufika 50. Mwaka 2002 iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Masika inakuwa ziwa. Kufikia Julai maji yanarudi, lakini hayarudi kwenye njia ile ile ya mwaka jana.

Mjomba wake fundi ana boti ya mbao yenye injini ya kupachika, na huiegesha jirani na palipokuwa na kivuko. Wakubwa wa Ifakara bado huzungumzia kivuko kwa kushusha sauti, kwa sababu Januari 2016 MV Kilombero II ilipinduliwa na dhoruba ikiwa na abiria na magari. Sasa magari hupita juu, kwenye daraja la mita 384 lililozinduliwa na Rais John Magufuli Mei 2018 na kupewa jina lake. Boti ya mjomba inahudumia wale ambao daraja haliwafikii: wavuvi wa kambi za juu ya mto, magunia yao ya chumvi, vyandarua vyao, barafu ikipatikana, na kurudi wakiwa na kambale, perege, kitoga na ndungu waliokaushwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umeleta redio?"

"Siyo redio. Ni mashine ya kuonyesha njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Mzee yule ameusoma mto tangu utotoni. Anajua kwamba maji yanayojikunja na kutoa mapovu mahali pamoja yana kisiki chini yake, kwamba maji laini yanayong'aa kama sinia karibu na ukingo wa ndani wa kona ni mchanga uliokaribia juu, na kwamba kundi la viboko linapenda kona zile zile mpaka siku litakapoamua vingine. Mashine gani itamwambia zaidi ya hapo? Fundi hakubishana. Aliweka betri ndogo kwenye ile GPS ya mkononi, akaiweka juu ya boksi pasipo na kivuli, akasema tusubiri.

Tukasubiri. Kipokezi kilichokaa kwenye droo miaka kadhaa, tena kikahamishwa mamia ya kilomita, hakijui satelaiti zipi ziko juu ya kichwa chake. Kila satelaiti ya GPS hutangaza, pamoja na ujumbe wake, orodha ya mahali walipo wenzake wote, na orodha hiyo huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Simu ya mkononi hufupisha jambo hili kwa kuomba orodha kupitia mtandao. Mashine ya zamani haina wa kumwomba. Inakaa, inasikiliza, inaandika. Mjomba alitumia muda huo kupakia abiria wawili, pikipiki iliyofunguliwa tairi la mbele, na jogoo.

Hatimaye namba zikaja. Latitudo nyuzi 8 na kidogo kusini, longitudo 36 na nusu na kidogo mashariki: sawasawa kabisa. Tarehe ilikuwa kichekesho. Mashine ilisema ni Novemba 2005. Kwa hesabu yake, Rais Mkapa alikuwa bado Ikulu.

Maelezo yake yanapendeza kuliko kosa lenyewe. Satelaiti za GPS hazitaji mwaka. Huhesabu wiki tangu Januari 6, 1980, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa ya biti kumi tu, kwa hiyo namba haziwezi kuvuka 1023. Zikifika hapo zinaanza sifuri. Zilianza upya usiku wa kuamkia Agosti 22, 1999, zikaanza upya tena usiku wa kuamkia Aprili 7, 2019, na zitaanza tena Novemba 2038. Kifaa kilichoundwa kuamini duru ya pili hakina habari kwamba tuko ya tatu. Kinajirudisha nyuma wiki 1,024, yaani miaka 19 na miezi zaidi ya saba. Mahali kinapata sawa, wakati kinakosea. Siyo vifaa vya mfukoni tu vilivyoguswa. Aprili 2019 mtandao wa mawasiliano ya idara za Jiji la New York ulizimika kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo hiyo.

Mtoni, tarehe mbovu haimdhuru mtu. Baharini ni habari nyingine. Plota nyingi hukokotoa kupwa na kujaa kutokana na tarehe, na pwani yetu, siku za bamvua, tofauti ya maji ya juu na ya chini hupita mita tatu. Nahodha anayeingia mlango wa mwamba kwa jedwali la mwaka 2005 atajua jambo hilo kwa kishindo.

Kuna tarehe nyingine inayostahili kukumbukwa na kila mwenye GPS, ingawa haisherehekewi popote. Mpaka mwaka 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likichafua kwa makusudi ishara waliyopewa raia, hivi kwamba ungeweza kusimama mlangoni kwako na mashine ikakuweka kwa jirani, mita 100 mbali. Rais Clinton aliagiza uchafuzi huo ukome. Ulizimwa Mei 2, 2000, ambayo kwa saa zetu ilikuwa saa moja asubuhi. Kabla ya hapo waliotaka usahihi walihangaika. Magharibi mwa Kenya, kule Asembo, watafiti wa malaria wa miaka ya 1990 walitumia vipokezi viwili kwa wakati mmoja: kimoja kimetulia mahali panapojulikana, kingine kikizungushwa kaya kwa kaya, halafu kosa la cha kwanza linaondolewa kwenye cha pili. Baada ya asubuhi ile ya Mei, mashine zile zile, bila kuguswa na bisibisi, zikawa bora mara kadhaa. Ni mara chache kifaa cha elektroniki kuzidi kuwa kizuri kikiwa kabatini.

Plota ilifungwa kwenye ubao mbele ya usukani, umeme ukitoka kwenye betri ya gari ya volti 12 iliyokaa ndani ya ndoo. Fundi alitanguliza fyuzi kabla ya kitu kingine chochote, kisha akapaka grisi kwenye vichwa vya betri. Akabonyeza. Skrini ikawaka, ikatafuta, ikaonyesha alama ndogo ya boti katikati ya rangi ya njano iliyotanda kila upande.

Mjomba aliinama kutazama. "Hiyo njano ni nini?"

"Nchi kavu."

"Sisi tuko wapi?"

"Hapo katikati."

Abiria mmoja akacheka hadi akamwachia jogoo. Kumbukumbu ya plota ile ilikuwa na ramani za kina za pwani kutoka Mombasa hadi Msumbiji, kila mwamba na kila boya. Ndani ya nchi ilikuwa na njano tu. Mto Kilombero, wenye maji ya kuendesha bwawa kubwa kuliko yote nchini, haukuwemo.

Hapo ndipo fundi alipoonyesha alichokuja kukionyesha. Aliiondoa ramani yote, akabakiza kurasa mbili: namba, na mstari wa njia iliyopitwa. Kila boti inapokwenda, plota hudondosha nukta na kuziunga. Nafasi yake ni nukta 2,000; zikijaa, za kwanza zinafutwa. Ukiiacha idondoshe nukta kila sekunde kumi, inajaa kwa saa tano na nusu, na safari ya asubuhi imetoweka kabla ya jua kuzama. Fundi akaibadilisha ihesabu umbali: nukta moja kila mita 50. Kwa hesabu hiyo inabeba kilomita 100 za mto, kwenda na kurudi kwenye kambi za mbali na chenji inabaki. Mwenye boti wa Msasani, kwa miaka yote aliyokuwa nayo, hakuwahi kuigusa sehemu hiyo ya mipangilio. Hakuhitaji, alikuwa na ramani ya wenzake.

Kutegemea ramani ya wenzako kunanikumbusha ajali ambayo mabaharia wa matanga hawajaacha kuisimulia. Novemba 29, 2014, katika mashindano ya kuzunguka dunia ya Volvo Ocean Race, boti ya Team Vestas Wind ilikuwa njiani kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Usiku, ikienda kwa kasi, iligonga miamba ya Cargados Carajos, visiwa vidogo vilivyo chini ya Mauritius. Wote tisa waliokuwemo waliokoka. Vyombo vyao vilikuwa vya kisasa kuliko chochote kilichowahi kutia nanga Msasani, na mwamba ulikuwemo kwenye ramani ya kidijitali. Lakini ukiitazama ramani hiyo kwa mbali, bila kuikuza, haukuonekana ulivyo. Uchunguzi uliofuata ulilitaja wazi tatizo la matumizi ya ramani za elektroniki. Skrini tupu ya njano angalau haimdanganyi mtu kwamba mbele ni shwari.

Tulipoondoka, daraja likiwa nyuma yetu, zamu ya kipimakina ikafika. Sensa ilikuwa imepachikwa nyuma kwenye ubao, sentimita 20 chini ya maji. Hutoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, hertzi 200,000, na kupima muda unaotumika mwangwi kurudi kutoka chini. Kimetengenezwa kwa bahari, ambako sauti husafiri haraka kidogo kuliko kwenye maji baridi, lakini tofauti ni kama asilimia 2 na haimnyimi mtu usingizi. Kilianza kupiga kengele kabla hatujapita kona ya kwanza. Skrini: mita 0.7.

Mjomba hakupunguza mwendo. Alimpa ishara kijana wa mbele, naye akazamisha upondo wima mpaka ukagota, akautoa, akaonyesha alama ya maji: juu ya kichwa chake, mkono ukiwa umenyooshwa. Mita mbili na ushei.

"Mashine yako inaogopa," mjomba alisema.

Fundi alishaelewa. Boti ya matanga ina mkuku mrefu chini ya tumbo, na baharia hataki kujua kina cha bahari. Anataka kujua amebakiza maji kiasi gani chini ya mkuku. Kwa hiyo kipimakina huelekezwa kutoa urefu huo kwenye kila kipimo. Hiki kilikuwa bado kinatoa mita 1.5. Kilikuwa kimesafiri kutoka Msasani hadi Ifakara, kimepachikwa kwenye boti yenye tumbo bapa isiyozama hata futi mbili, na bado kilikuwa kinaulinda mkuku ulioachwa pwani. Fundi aliingia kwenye mipangilio, akafuta ile hasi, akaweka chanya ya 0.2 kwa ajili ya kina cha sensa. Namba ikaruka hadi 2.4. Kijana akazamisha upondo tena, bila kuambiwa, na safari hii akamtazama mjomba kwa tabasamu.

Ukichunguza, kila kilichokosea siku ile kilikosea kwa kukumbuka. Hakuna chombo kilichokuwa kimeharibika. Mashine ya mkononi ilikumbuka duru ya wiki iliyokwisha, plota ilikumbuka pwani, kipimakina kilikumbuka mkuku. Wauzaji husema vifaa huzeeka vikipitwa na kasi na rangi za skrini. Mimi naona vinazeeka pale dunia iliyowekwa ndani yake inapoacha kufanana na iliyo nje, na hilo halirekebishwi kwa skrini kubwa. Hata kifaa kilichotoka dukani leo asubuhi, ukikipa picha ya mto ya miaka mitatu iliyopita, kimeingia bondeni kikiwa kizee.

Simu janja zipo, na wavuvi karibu wote wanazo. Kwenye kambi ya kwanza tulimkuta kijana, akatuonyesha mto kwa picha ya satelaiti: kona ilikuwa na mkono mmoja wa maji pale ambapo mbele ya macho yetu palikuwa na miwili na kisiwa cha matete katikati. Yeye mwenyewe aliamini GPS ya simu hufa mtandao ukikata. Haifi, kinachokatika ni picha ya ramani, ambayo ungeweza kuipakua mapema ukiwa Ifakara. Fundi alimfanyia hapo hapo alipokaa, kwa kutumia baa moja ya mtandao iliyokuwa inakuja na kuondoka.

Kambini ndipo mazungumzo yalipogeuka kuwa mazito, kwa sababu hapo koodineti si mchezo wa mabaharia. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya tambarare ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kuingia bila kibali ni kosa. Mpaka wa pori kwenye karatasi ni orodha ya namba, na kwenye tambarare isiyo na kilima wala mti wa kudumu, namba ndiyo mpaka. Wilaya hizi zimezoea vipimo: kuanzia 2016 serikali iliendesha katika Kilombero, Ulanga na Malinyi mpango wa kuimarisha umiliki wa ardhi, vijana wakitembea na vipokezi shamba kwa shamba ili watu wapate hati za hakimiliki za kimila. Watu wanajua nguvu ya namba. Wasichoelezwa mara nyingi ni kwamba namba moja inaweza kuwa na maana mbili.

Ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado zimo kwenye makabati ya ofisi nyingi, zimechorwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960. Unatokana na mnyororo wa pembetatu uliopimwa kando ya longitudo ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyoanza karne ya kumi na tisa na kukamilika 1954. GPS hutumia msingi mwingine, WGS84. Chukua namba zilizosomwa kwa msingi mmoja, zipandikize kwenye ramani ya msingi wa pili bila kubadilisha, na katika eneo hili utakuwa umesogea kama mita 300 kaskazini au kusini na karibu 90 mashariki au magharibi. Mita 300 kwenye bonde hili ni mkono mzima wa mto. Ni tofauti kati ya nyavu zako kuwa halali na nyavu zako kuchomwa moto.

Na bonde lina mtego wa pili. Kwa hesabu za ramani za UTM dunia imekatwa vipande 60, na mpaka kati ya kipande cha 36 na cha 37 ni longitudo ya 36, ambayo inalikatiza bonde kati ya Mngeta na Mlimba. Ukienda magharibi kutoka Ifakara, namba ya mashariki inashuka na kushuka hadi karibu 170,000, halafu ghafla inaruka hadi 830,000. Anayenakili namba bila kuandika ni ya kipande kipi ameiweka kambi yake mamia ya kilomita mbali, na barua ikishasainiwa hakuna anayetaka kuifungua upya.

Fundi alimsomea mzee mmoja wa kambi koodineti za mahali alipojenga kibanda chake cha kukaushia samaki. Akaziandika kwenye jalada la daftari la shule kwa nyuzi na dakika, na chini yake, kwa herufi kubwa, WGS84. Mzee hakusoma neno hilo la mwisho. Alikunja daftari, akaliweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki.

Ifakara yenyewe ina watu waliozoea hesabu hizi kuliko mabaharia wengi. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, ilianza mwaka 1996 kufuatilia kaya za bonde hili moja baada ya nyingine, kuzaliwa, kufa na kuhama. Miaka ya karibuni wanasayansi wake wamefundisha wanavijiji kutambua makundi ya mbu dume yanayocheza angani jua likizama, na kila kundi likapewa namba zake za mahali. Mbu wanarudi mahali pale pale jioni baada ya jioni, kwa hiyo nukta ya jana ina faida leo. Mto hauna adabu hiyo. Nukta 2,000 za mjomba zitakuwa za kweli mpaka masika ijayo, pengine pungufu, na fundi alimwambia hivyo bila kuficha: kila Julai futa zote, anza upya, safari ya kwanza uende na upondo.

"Sasa kama nitaanza na upondo," mjomba akauliza, "hiyo ni ya nini?"

"Ya usiku. Na ya huyu." Fundi akamwonyesha kijana wa mbele, ambaye hajausoma mto kwa miaka arobaini.

Mzee akalifikiria. Yeye hupita usiku pale tu mgonjwa anapotolewa kambini kwenda Ifakara, na safari hizo humlazimu kukaa mbele mwenyewe na tochi huku akimwachia mwingine injini. Mstari mwembamba wa jana ukiwa mbele ya usukani, alikiri, kijana angeweza kushika injini bila kupigiwa kelele kila kona. Plota ikabaki. Kipimakina nacho kikabaki, kengele yake ikiwekwa ilie kina kikipungua chini ya sentimita 80. GPS ya mkononi ilirudi kwenye boksi, ikiwa bado inaamini uchaguzi wa 2005 haujafanyika.

Tulipogota ukingoni mjomba alikuwa na madai mawili. La kwanza, kengele ipunguzwe sauti, kwa sababu abiria wakiisikia wanaanza kudai nauli zao warudishiwe. Fundi akaishusha ngazi mbili. La pili, betri ya ndoo isingefaa kwa safari ndefu bila ya pili, na ya pili nani ananunua? Walijadiliana mpaka jogoo na mwenye jogoo wakashuka na kuondoka. Mwisho wakapatana nusu kwa nusu, na mjomba akatoa nusu yake papo hapo, gunia moja la mpunga, alibebe fundi kwenye basi la kurudia Dar.